Laini Haishiki, Kioo Hakionekani: Kutafuta Kosa Kabla ya Kulaumu Simu au Mtandao

Meza yangu ya ufundi iko Ngamiani, Tanga. Malalamiko yanayoletwa pale ni yale yale mwaka hadi mwaka: laini haishiki, sauti inakatakata, kioo hakionekani juani, tachi inajibonyeza yenyewe. Na wengi hufika wakiwa wameshatoa hukumu. "Fundi, simu za kampuni hii hazishiki mtandao." "Fundi, huu mtandao umekufa, nahama." Hukumu hiyo ina gharama. Mtu anauza simu nzima kwa bei ya kutupa, kumbe kibovu kilikuwa laini ya zamani aliyoikata kwa mkasi ili iingie kwenye simu mpya. Mwingine anahama mtandao, na kule anakuta shida ile ile, kwa sababu alihama nayo mfukoni.

Hapa nimepanga matatizo kwa dalili, kama wateja wanavyoyaeleza wenyewe. Chini ya kila dalili natanguliza sababu ninayoikuta mara nyingi zaidi, halafu zile za nadra. Pale unapotakiwa kuacha na kumwita fundi, nimesema wazi, na naomba uache kweli.

Kwanza, badilishaneni

Kabla hujashika bisibisi, tafuta mtu mwenye simu nzima na laini ya mtandao kama wako, msimame mahali pamoja.

Tia laini yako kwenye simu yake. Ikisumbua na huko, kosa ni la laini au la usajili wake. Kisha tia laini yake kwenye simu yako. Ikisumbua, kosa ni la simu. Zote zikiwa nzima, rudisheni kila laini kwake, mwende mita mia mbili au tatu kutoka hapo mjaribu tena. Tatizo likiisha kwa kuhama mahali, basi ni mnara, ukuta au mlima.

Jaribio hili halichukui dakika kumi na halihitaji hela. Nusu ya simu ninazoletewa kwa shida ya mtandao zingeishia hapo hapo nyumbani.

"Yangu ina vistari viwili, ya mwenzangu vinne"

Simu nyingi huhukumiwa bure hapa. Vistari vya mawimbi havina kipimo kimoja walichokubaliana watengenezaji. Kila kampuni huamua yenyewe kistari cha tatu kiwake lini. Mwaka 2010, iPhone 4 ilipolalamikiwa kwamba inapoteza mawimbi ikishikwa pembeni ya chini upande wa kushoto, Apple ilikiri kwamba hesabu yake ya vistari ilikuwa na kosa: ilionyesha vingi kuliko mawimbi yaliyokuwepo. Kwa hiyo vistari vinne vya simu moja vinaweza kuwa dhaifu kuliko viwili vya nyingine.

Soma namba. Kwenye Android nyingi fungua Mipangilio, Kuhusu simu, kisha Hali ya SIM, utafute nguvu ya mawimbi. Kwenye iPhone piga *3001#12345#* uingie kwenye ukurasa wa vipimo. Utaona namba hasi yenye dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Kwa 4G, -80 hadi -90 ni nzuri, -100 ni ya wastani, ikivuka -110 simu inaanza kuhangaika, na ukifika -120 uko ukingoni.

Mambo mawili ya kuangalia unapolinganisha. Simu zote mbili ziwe kwenye kizazi kimoja, kwa maana namba za 2G na za 4G hazipimwi kwa njia moja. -95 ya 4G ni nzuri, -95 ya 2G ni dhaifu. Pia, usisome mara moja tu. Weka simu mezani, subiri dakika, soma mara tano. Tofauti ya 3 au 5 ni ya kawaida hata ukigeuza simu tu. Tofauti ya 10 ni mawimbi yenye nguvu mara kumi. Ikijirudia kila mahali, simu yako ina kosa kweli.

Sababu, kwa mpangilio wa ninavyozikuta:

1. Simu moja iko 4G na nyingine 3G, au mitandao ni tofauti.
2. Kava ya chuma, au kava yenye sumaku ya kubandika kwenye gari. Vua, usome tena.
3. Mkono umeziba antena. Antena kuu ya simu nyingi iko chini, karibu na tundu la chaji.
4. Simu ilishafunguliwa. Hili nalieleza kwa kirefu hapo chini.

"Niko hewani, lakini watu wanaambiwa sipatikani"

Muulize anayekupigia anasikia nini hasa. Kama inaita mpaka inakata yenyewe, simu yako inapokea ila haitoi sauti. Angalia hali ya Usisumbue. Kama anaambiwa inatumika wakati huongei na mtu, tazama orodha ya namba ulizozuia na uelekezaji wa simu, yaani simu zako kupelekwa kwenye namba nyingine. Kama anaambiwa mteja hapatikani, hapo ndipo mambo ya mtandao yanapoanza.

Chanzo cha kwanza siku hizi ni simu iliyofungiwa 4G peke yake. Vijana wanafundishana kupiga *#*#4636#*#* au kupakua programu ya kulazimisha 4G ili bando liende kasi. Intaneti inakwenda kasi kweli, lakini simu za kawaida hazipiti. Kupiga simu juu ya 4G kunahitaji VoLTE, na lazima vitu vitatu vikubaliane: mtandao uwe nayo, simu yenyewe iwe imeruhusiwa kwenye mtandao huo, na laini yako iwe imewezeshwa. Kimojawapo kikikosekana, simu hushuka kwenda 3G au 2G kila unapopiga au kupigiwa. Ukiifungia 4G umeinyima njia ya kushuka. Irudishe kwenye chaguo la 4G/3G/2G la kujiendesha.

Ndiyo maana simu moja inaonekana mbovu kwenye mtandao huu na nzima kwenye ule. Wasomaji wa Kenya wanaujua mfano ulio wazi kuliko yote: Faiba, iliyoanza 4G mwaka 2017 kwenye masafa ya 700 MHz, haina 2G wala 3G ya kushukia. Simu isiyo na bendi ya 28, yaani hayo masafa ya 700 MHz, haiuoni mtandao huo kabisa, na yenye bendi hiyo lakini isiyo na VoLTE iliyoruhusiwa inapata intaneti bila simu za sauti. Ukisema "simu hii haishiki" bila kutaja mtandao, hujasema kitu ambacho fundi anaweza kukitumia.

Chanzo cha pili ni laini mbili. Simu nyingi za laini mbili husikiliza zote zikiwa zimetulia, lakini ukianza kuongea na moja, nyingine inatoka hewani mpaka umalize. Huo si ubovu. Mfanyabiashara anayepoteza wateja kwa sababu hii aelekeze laini ya pili kwenye ya kwanza inapokuwa haipatikani. Kwenye simu za miaka ya 2014 hadi 2018, nafasi ya pili ya laini mara nyingi ni ya 2G tu. Hamishia laini muhimu nafasi ya kwanza uone.

Tatu, uelekezaji uliosahaulika. Piga *#21# uangalie, na ##002# kufuta wote.

Nne, laini yenyewe. Laini za zamani za enzi za 2G haziwezi 4G hata ukizitia kwenye simu ya bei gani, na zile zilizokatwa kwa mkasi hugusa vibaya. Nenda duka la mtandao wako na kitambulisho, upewe laini mpya yenye namba ile ile. Hakikisha pia usajili kwa *106#. Hapa Tanzania laini zilianza kufungiwa Januari 2020 kwa kutosajiliwa kwa alama za vidole, na bado nakutana na watu wanaotumia laini iliyo kwa jina la ndugu aliyehama au aliyefariki. Laini ya namna hiyo inaweza kufungwa wakati wowote, na fundi hana la kukusaidia.

"Tangu nibadilishe kioo, mtandao umepungua"

Kwa hili naomba usome taratibu, kwa kuwa hapa ndipo watu wengi wanadhulumiwa bila aliyewadhulumu kukusudia.

Mama mmoja wa Muheza alikuja na simu ya mwaka mmoja. Kioo chake kilipasuka, kikabadilishwa mahali pengine, kikatoka kizuri. Tangu siku hiyo simu haikushika nyumbani kwake, na mwanawe akamwambia mtandao umeharibika mtaani, wahame. Walihama. Haikusaidia. Nilipoifungua nilikuta waya mwembamba wa antena umelala pembeni, kichwa chake hakijabanwa. Nilikibana kwa kidole, ukatoa mlio mdogo wa kuingia, na namba ikapanda kutoka -117 hadi -96 palepale mezani. Hakuhitaji kununua chochote.

Ndani ya simu nyingi za Android, bodi kubwa iko juu na bodi ndogo yenye tundu la chaji iko chini. Antena kuu iko kule chini, na kinachoiunganisha na bodi ya juu ni waya mwembamba, mweusi au mweupe, wenye kichwa kidogo kuliko punje ya mchele kila upande. Fundi anayebadilisha kioo, betri au tundu la chaji lazima aung'oe waya huo. Akisahau kuubana, au akaubana nusu, simu haifi kabisa. Inashika mjini karibu na mnara na kupotea kijijini, na ndiyo maana lawama inaangukia mtandao.

Sababu nyingine ya aina hiyo ni skrubu. Skrubu chache ndani ya simu hazishikilii mfuniko tu, bali zinaunganisha antena na fremu. Ikirudishwa simu yenye skrubu tatu pungufu, mawimbi yanapungua. Ya tatu ni fremu ya kopi isiyo na vibati vya kugusia antena. Ya nne, waya wenyewe kukatika kwa kubanwa chini ya betri.

Unachoweza kufanya bila kufungua chochote: siku unayopeleka simu kwa fundi kwa ajili ya kioo, soma dBm mbele yake, uiandike. Ukirudishiwa, soma tena pale pale, kwenye mtandao na kizazi kile kile. Ikishuka kwa 10 au zaidi, mwambie kwa heshima aangalie waya wa antena na skrubu kabla hujalipa. Fundi mzuri hatachukia. Mimi mteja akinifanyia hivyo namheshimu zaidi.

Usifungue mwenyewe simu yenye mgongo uliogundishwa kwa gundi. Kuilainisha kunahitaji moto, na chini ya mgongo huo kuna betri.

"Ndani hakuna mtandao, nje upo"

Bati ni ukuta kwa mawimbi. Nyumba yenye bati juu na madirisha madogo inaweza kukupunguzia mawimbi kwa kiwango ambacho hakuna simu ya kampuni yoyote itakufidia. Kuta nene za mawe na chokaa za nyumba za kale za pwani, kama zile za Mji Mkongwe, Zanzibar, zinafanya vivyo hivyo.

Masafa nayo yana tabia tofauti. Masafa ya chini kama 700, 800 na 900 MHz husafiri mbali na kupenya ukuta kwa urahisi. Ya juu kama 1800, 2100 na 2600 MHz hubeba intaneti nyingi lakini huchoka mapema. Mtandao wenye kasi nzuri mjini unaweza kushindwa chumbani kwako, na ule unaodharauliwa ukashika vizuri kwa kuwa mnara wake wa karibu unatumia masafa ya chini. Kwa hiyo usichague mtandao kwa sifa za mjini. Azima laini, kaa nayo siku mbili pale unapolala na pale unapofanyia kazi. Ukiridhika, unaweza kuhama na namba yako. Huduma hiyo ipo Tanzania tangu Machi 2017 na Kenya tangu 2011.

Wateja wangu wa Lushoto wana tatizo la mabonde. Mlima ukikaa kati ya nyumba na mnara, kupanda hatua hamsini juu ya kilima kunaleta mabadiliko kuliko kubadilisha simu. Na walio karibu na Horohoro wana shida nyingine: simu inadaka mtandao wa upande wa pili wa mpaka na kuanza kula salio la romingi. Zima romingi, kisha chagua mtandao wako kwa mkono badala ya kuiachia simu.

Vifaa vya kukuza mawimbi vinavyouzwa mitaani usivifunge bila kuiuliza kampuni ya mtandao wako. Kikifungwa vibaya kinavuruga mnara na majirani wote wanapata shida.

"Simsikii" au "hanisikii"

Rekodi sauti yako kwa programu ya kurekodi, kisha isikilize. Ikiwa hafifu, maiki ndiyo yenye kosa. Kama wewe ndiye usiyesikia, weka spika kubwa. Ukisikia vizuri, basi spika ya sikioni imeziba vumbi au protekta imepandia juu yake. Simu nyingi zina maiki ya pili juu au nyuma ya kupunguza kelele, na kava ikiiziba sauti yako inaingia na kutoka kwa anayekusikiliza. Vua kava ujaribu.

Safisha kwa mswaki mkavu laini. Usichokoe kwa sindano. Nyuma ya kile kitundu kidogo kuna utando wa maiki, na ukiutoboa umejiongezea gharama.

"Hakuna huduma kabisa"

Laini ikiwa nzima kwenye simu nyingine, piga *#06#. Namba ya IMEI, ile ya utambulisho wa simu yenyewe, ikitokea, nenda hatua inayofuata. Isipotokea, au ikitokea sifuri tupu, simu iliharibiwa wakati wa kuflashiwa (kuwekewa mfumo upya) au sehemu ya bodi inayoshughulikia mtandao imekufa. Hiyo ni kazi ya fundi wa bodi.

IMEI ikiwepo, ihakiki. Hapa Tanzania unaituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, utaratibu uliotumika wakati simu bandia zilipozimwa Juni 2016, na majibu yanakutajia aina ya simu. Ukishika Samsung mkononi na majibu yakataja simu nyingine, umeuziwa kitu kingine. Kenya walizima za kwao mwishoni mwa Septemba 2012.

Simu iliyotoka ng'ambo ina mitego yake. Inaweza kuwa imefungwa kwa mtandao wa huko; kwenye iPhone tazama sehemu ya maelezo ya simu, mstari wa kufungwa kwa mtandao, ambao kwa simu huru husema hakuna vizuizi. Toleo la Marekani linaweza kukosa bendi ya 20, ile ya 800 MHz, na kushika kidogo kuliko simu ile ile iliyotengenezwa kwa soko la huku. Na iPhone 14 na nyingi za baada yake zilizouzwa Marekani hazina kabisa nafasi ya laini ya kadi. Zinatumia eSIM peke yake, laini isiyo na kadi iliyojengwa ndani ya simu. Nduguyo akiwa Minnesota na anataka kukutumia zawadi, mwambie hili kabla hajanunua.

Kuna pia magonjwa ya toleo. Baadhi ya iPhone 7 zilikuwa na kasoro kwenye bodi iliyosababisha kuonyesha hakuna huduma hata penye mawimbi, na Apple ilitangaza mpango wa kuzitengeneza mwaka 2018. Ukikuta iPhone 7 ya bei ya chini sana, piga nayo simu kabla ya kutoa hela.

Hapa simama: mtu akikwambia atakuandikia IMEI nyingine, ondoka. Ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na wewe mwenye simu ndiye utakayekutwa nayo.

"Nikipiga simu kioo kinazima, sioni pa kukatia"

Juu ya kioo kuna kihisi kinachotambua sikio limekaribia ili kizime kioo. Protekta isiyo na tundu lake, au yenye ukingo mweusi, inakidanganya. Ondoa protekta, futa jasho na mafuta, jaribu. Simu nyingi za bei nafuu hazina kihisi cha kweli, zinakisia kwa sauti isiyosikika inayotoka kwenye spika ya sikioni. Spika ikiziba, kukisia kunaharibika. Ikiwa ilianza baada ya kubadilishiwa kioo, kihisi hakikurudishwa mahali pake. Kwa muda, washa chaguo la kukata simu kwa kitufe cha kuwashia.

"Juani sioni kitu"

Washa mwanga wa kujirekebisha. Watu wengi wanauzima ili kutunza chaji, wakidhani kuvuta mwanga mpaka mwisho kwa mkono kunatosha. Simu nyingi hutoa mwanga wake wa juu kabisa pale tu kihisi kinapoona jua na chaguo hilo likiwa limewashwa.

Kisha ondoa protekta ya faragha, ile ya kumzuia jirani wa daladala asisome. Inakula mwanga wako pia. Tatu, joto: simu iliyobandikwa kwenye pikipiki mchana wa Januari inajipunguzia mwanga yenyewe ili isiungue. Ipoze kivulini, usiitie kwenye friji, maji yatajitengeneza ndani.

Baada ya hapo ndipo uulize aina ya kioo. Vioo vya LCD, vinavyowashwa na taa ya nyuma, kwenye simu za bei ya chini mara nyingi hutoa niti 400 hadi 600; niti ni kipimo cha mwangaza wa kioo. Galaxy A54 hufika niti 1000, iPhone 15 niti 2000 ikiwa nje, Galaxy S24 niti 2600. Jua la pwani halina huruma na niti 450.

Lakini usinunue jina la kampuni. Galaxy A14 ina LCD, A15 iliyoifuata ina AMOLED, kioo ambacho kila nukta huwaka yenyewe. Tecno Spark 10 ina LCD, Camon 20 ina AMOLED, na zote zinatoka kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, ambayo ndiyo yenye Infinix na itel pia. Tofauti ndani ya kampuni moja ni kubwa kuliko tofauti kati ya kampuni na kampuni. Dukani, fungua picha nyeusi tupu na uizibe kwa viganja: LCD itang'aa kijivu, AMOLED itakuwa giza kabisa. Kisha toka nayo mlangoni, juani, usome ujumbe. Muuzaji akikukatalia kutoka nayo, nenda duka la pili.

"Rangi zimebadilika, alama za vidole hazisomi"

Kama kioo kilibadilishwa, kuna uwezekano mkubwa umewekewa kopi ya LCD mahali pa AMOLED. Dalili ni tatu: weusi umekuwa kijivu, kioo kimeinuka kidogo kwenye fremu, na kisoma alama za vidole cha chini ya kioo kimeacha kufanya kazi, kwa sababu mwanga wake hauwezi kupita kwenye LCD. Kwenye iPhone 11 na za baadaye, mfumo wenyewe hukuandikia kwamba haukuweza kuthibitisha kioo. Kopi si dhambi, bajeti ni bajeti, lakini uambiwe kabla na ulipe bei ya kopi.

Kama hakikubadilishwa, angalia kwanza hali ya usiku ya kupunguza bluu. Kwenye Samsung piga *#0*# ujaribu rangi moja moja. Ukiona kivuli cha ramani au cha vitufe kisichoondoka, kioo cha AMOLED kimeungua kwa picha iliyokaa muda mrefu. Madereva wa bodaboda wanaoacha ramani ikiwaka siku nzima wanakijua. Hakitibiki. Punguza mwanga ili kisizidi.

"Umetokea mstari wa kijani"

Mstari mwembamba wa kijani au waridi, wima, kutoka juu mpaka chini, ni wa vioo vya AMOLED. Umeripotiwa kwenye simu za Samsung na iPhone pia, wakati mwingine mara tu baada ya sasisho la mfumo. Kwa kawaida kosa liko kwenye maungio ya waya bapa unaoingia kwenye kioo. Piga picha ya skrini na uitazame kwenye simu nyingine: mstari usipoonekana, ni kioo chenyewe. Kuflashi hakutauondoa, na anayekudai hela ya kuflashi kwa ajili hiyo anakosea. Kabla ya kununua kioo, kaulize kituo rasmi cha huduma, hasa kama simu haijawahi kufunguliwa.

"Tachi inajibonyeza"

Chomoa chaja. Ikitulia, umepata jibu: chaja duni inavujisha umeme unaochanganya tachi. Tumia nyingine. Halafu ondoa protekta iliyopasuka, kausha jasho, zima na uwashe. Simu iliyoingia maji usiitie kwenye mchele. Hauvuti maji yaliyo ndani, na vumbi lake linaziba matundu. Maji ya bahari hayasubiri, chumvi inaanza kula bodi siku hiyo hiyo. Zima, usijaribu kuichaji, ipeleke ikasafishwe.

"Kioo kimeinuka pembeni"

Ukiona kioo kinaachana na fremu, mgongo umevimba, au doa jeupe limejitokeza katikati ya kioo na kila ukibonyeza linahama, acha kutafuta kosa. Betri imevimba na inasukuma kioo kutoka chini. Usibonyeze kioo kirudi, usitoboe, usiendelee kuchaji "mpaka kesho". Zima simu, iweke juu ya sakafu ya saruji au sinia la chuma, mbali na godoro, pazia na watoto, na umpelekee fundi siku hiyo hiyo ukiibeba mkononi, si mfukoni. Ikianza kupata moto au kutoa harufu tamu kama ya rangi ya kucha, iache ilipo, toeni watu chumbani na fungueni madirisha.